Mkono Kwenye Picha ya Faudhia

Mdogo wangu Iqbal hapendi niisimulie habari hii. Akinikuta nimekaa na watu hukohoa ili kunikatiza. Leo yuko karakana anachomelea mageti, kwa hiyo nitasema.

Ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa, mwezi wa pili, vumbi limejaa Ngarenaro yote na watu wanamwagia maji mbele ya maduka yao. Nilimwogesha Faudhia, binti wa Iqbal, nikampaka mafuta, nikamvalisha gauni lake la njano. Alikuwa na miezi minane, lakini ukimbeba ungedhani mitatu. Alizaliwa na tundu kwenye moyo. Akilia kidogo tu midomo ilibadilika rangi, kama ya mtoto aliyekula zambarau. Mama yake, Zuleha, alifariki siku ile ile aliyomzaa, na tangu hapo mimi shangazi yake ndiye niliyemlea.

Madaktari walishatuambia upasuaji wake ungefanyika India. Watoto watano wangeondoka pamoja na daktari mmoja, mwishoni mwa mwezi wa tatu. Vyeti vyote tulikuwa navyo, fomu tulishajaziwa pale stationari. Ilibaki picha ya pasipoti tu.

Stanley mpiga picha yuko mtaa wa pili kutoka kwetu. Ni mzee mtaratibu, na masharti ameyabandika ukutani, lakini bado humsomea kila mteja.

"Nyuma bluu, bila kivuli," alinisomea. "Macho wazi, mdomo umefungwa. Masikio yote mawili yaonekane. Na kwa mtoto mdogo asionekane mtu mwingine. Hata kidole, dada Zakia. Wanarudisha."

Akatandika kitambaa cha bluu juu ya godoro dogo sakafuni. Nikamlaza Faudhia chali, nikarudi nyuma mpaka mgongo wangu ukagusa mlango. Stanley akapanda kwenye stuli, akainamisha kamera, akapiga. Akatazama kioo cha kamera.

"Dada, toa mkono."

"Mkono gani? Mimi niko huku."

Akanigeukia. Akatazama kamera tena. Akapiga nyingine tatu, harakaharaka, kisha akashuka polepole, akanyanyua pembe ya kitambaa na kuchungulia chini yake. Palikuwa na godoro tu.

Nikasogea nikaona kwenye kamera. Vidole vinne vya mtu mzima vilikuwa vimepita chini ya kichwa cha mtoto na kutokeza upande wa kushoto, vikalifunika sikio. Havikumkaba. Vilimshika kisogo, vile unavyomshika mtoto ambaye shingo yake haijakaza.

Na Faudhia alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kumwona akitabasamu.

"Itakuwa mwanga," Stanley alisema, ingawa sauti yake haikuamini. Alikaa kwenye kompyuta karibu saa nzima, akaufuta mkono, akalichora sikio upya, akachapa picha. Nilizitoa nje kwenye jua nikazikagua moja moja. Zilikuwa safi.

Kesho yake nilizipeleka ofisi ya pasipoti. Pale dirishani alikuwepo mama mmoja mwenye miwani, mtu mpole. Alizitazama, akanirudishia.

"Pole mama yangu, ila mtoto umemshikilia. Nenda karudie."

Mkono ulikuwepo kwenye picha zote. Na ulikuwa umesogea. Kidole gumba, ambacho studio hakikuonekana kabisa, sasa kilikuwa kimelala juu ya shavu la mtoto.

Sikumwambia Iqbal. Nilijipa moyo kwamba ni kamera ya Stanley, imezeeka. Siku mbili baadaye nikampeleka Faudhia mjini, kwa msichana mmoja mwenye studio mpya, taa nyeupe kila kona. Yeye alimkalisha kwenye kiti cha mtoto, akamfunga mkanda, akapiga picha moja. Akaiweka kamera mezani, kioo chini.

"Samahani mama," alinong'ona. "Umeme unasumbua."

Taa zote zilikuwa zinawaka. Alitufungulia mlango, na wakati wote huo hakumtazama mtoto.

"Umeona nini?" nikamwuliza.

Alishika komeo.

"Amepakatwa," akasema, akafunga.

Hapo ndipo nilipomwambia Iqbal. Alikuja kwa Stanley mchana, miwani ya kuchomelea bado inaning'inia shingoni. Stanley alimwekea ile picha ya kwanza kwenye kompyuta, akaivuta kubwa. Kwenye kidole cha shahada, karibu na kifundo, palikuwa na kovu linalong'aa, kubwa kama punje ya maharage. Nililijua. Zuleha aliungua na mafuta ya maandazi jikoni kwangu, na mimi ndiye niliyempaka asali.

Iqbal aliinama mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Stanley, nichapie hii," akasema mwishowe. "Kubwa."

"Iqbal, sisi tunatafuta ya pasipoti," nikamwambia.

"Mwanangu hana picha hata moja na mama yake, dada. Hii ndiyo ya kwanza."

Akaitundika juu ya kitanda chake. Baada ya hapo kila nilipomwambia turudi studio alisema kesho. Ilipofika kesho alisema kuna geti la mtu linasubiriwa. Nilimkuta asubuhi moja amekaa mbele ya ile picha, mtoto mapajani, anamwonyesha kwa kidole: "Huyu ndiye mama. Unamwona mama?" Nikaondoka bila kubisha hodi.

Lakini midomo ya Faudhia ilikuwa hairudii tena rangi yake, hata akiwa amelala. Daktari alipiga simu mara mbili. Mara ya pili alisema watoto wanne wameshakamilisha kila kitu, na ndege haitamsubiri wa tano.

Nikapanda bodaboda hadi kijijini, upande wa magharibi wa mlima, kwa mama yake Zuleha. Anaitwa Nosim, ni Mlutheri, anafuga na kulima. Yeye alimbatiza mwanawe Diana. Jina la Zuleha alilipata alipoolewa kwetu. Nilimkuta anawakatia ng'ombe majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mjukuu wangu hajambo?"

Nikatoa simu nikamwonyesha ile picha ya ukutani, niliyoinakili. Alifuta vidole kwenye shuka lake kabla hajaigusa.

"Diana," akasema. Hakushtuka. Alisema kama mtu aliyemwona mwanawe anaingia mlangoni.

"Mama, anamzuia mtoto asitibiwe."

"Hamzuii. Anayezuia hashiki hivi. Huyu anabeba." Akainua macho, akanitazama vizuri. "Alipojifungua, alimbeba mwanawe?"

Kitu hiki nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Siku ile wodini nilikuwa mimi na Zuleha. Alikuwa amemlaza mtoto kifuani, uso wake umepauka, mikono inamtetemeka. Niliogopa asije akamdondosha. Nikamwambia, "Nipe kidogo tu, wifi. Pumzika. Nitamrudisha." Alitikisa kichwa kukataa. Alimshika mtoto kisogo, akakaza. Nilivifungua vidole vyake kimoja kimoja, huku namtania kwamba atambeba mpaka achoke. Nilimpeleka mtoto dirishani kwenye mwanga, nimwangalie sura. Haikupita hata dakika tano. Nilipogeuka, Zuleha alikuwa ameshakwenda, na vidole vyake vilikuwa bado vimejikunja.

Nilimweleza Nosim yote, nimesimama kwenye majani yake. Alilia bila sauti. Mimi pia. Kisha akajifunga shuka vizuri.

"Basi hatamwachia mtu mwingine," akasema. "Ni wewe ukamwombe."

Jumamosi asubuhi tulikuwa wanne studio, mtoto wa tano. Iqbal alikuja kwa sababu Nosim alimshika mkono akamleta. Alisimama mlangoni. Stanley akatandika kitambaa. Nikamlaza Faudhia.

Safari hii hatukuhitaji kamera.

Kichwa cha mtoto hakikugusa kitambaa. Kilibaki juu kidogo. Upana wa kiganja. Mwanga wa mlangoni ulipita chini yake, ukatokea upande wa pili.

Stanley aliishusha kamera.

Nikapiga magoti. Nikainama mpaka sikio langu likawa karibu na shavu la mtoto. Palikuwa na harufu ya maandazi.

"Zuleha," nikanong'ona. "Wifi yangu. Nipe kidogo tu. Nitamrudisha."

Hakuna kilichosogea.

Nosim alisema maneno machache kwa Kimaasai, chini chini, sauti anayotumia mtu kumwamsha mtoto asubuhi ili asishtuke. Kichwa kilibaki pale pale. Ndipo Iqbal akasema kutoka mlangoni:

"Mwachie akapone, mama Faudhia. Na mimi nimekubali."

Kichwa kikaanza kushuka. Polepole. Polepole sana, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia na anaogopa kumwamsha. Kikagusa kitambaa.

Faudhia akalia. Alilia kwa nguvu ambazo hatukujua kwamba anazo, akigeuza kichwa huku na huku, anatafuta. Tulisubiri mpaka akachoka. Akanyamaza, akatutazama. Stanley akapiga. Macho wazi, mdomo umefungwa, masikio mawili, bluu tupu.

Tuliporudi nyumbani Iqbal aliingia chumbani kwake, kisha akaniita. Kwenye ile picha kubwa juu ya kitanda mtoto alikuwa peke yake. Iqbal alipitisha kiganja juu ya karatasi, pale mkono ulipokuwa, akapitisha tena. Niliufunga mlango nikamwacha.

Pasipoti ilitoka kabla ya safari. Yule mama wa dirishani alinipongeza kwa picha nzuri. Iqbal akasafiri na mwanawe, na siku ya tatu baada ya upasuaji alinitumia video: Faudhia na mirija yake puani, midomo ya waridi. Mtaa mzima uliiona. Niliwaonyesha hata watu nisiowajua.

Siku ya tano Iqbal alipiga simu. Nilisikia tu watu wa kule wakizungumza lugha yao nyuma yake.

Walirudi baada ya siku sita, Iqbal juu kwenye kiti, mtoto chini kwenye sanduku. Kaburi lilishachimbwa ubavuni mwa Zuleha; Iqbal aliomba hivyo kwa simu. Nilikuwa nimesema nitamrudisha. Nilisema mara mbili.

Tulimwosha nyumbani, uani, mimi na bibi mmoja wa msikitini anayeosha maiti za wanawake na watoto kwa miaka mingi. Kulikuwa na manyunyu na baridi ya mwezi wa nne. Faudhia alikuwa ametoka kwenye jokofu la hospitali, akapita mengine njiani, na mwili wake ulikuwa baridi kama chuma. Miguu, tumbo, kifua chenye mshono wake mdogo. Baridi inayouma vidole.

Tulipomgeuza ubavu ili kuosha nyuma, nikamshika kisogo.

Palikuwa na joto.

Si kichwa chote. Mahali pamoja tu, pana kama kiganja, na juu yake michirizi minne kuelekea sikioni. Nilitoa mkono wangu, nikaurudisha. Joto la ngozi ya mtu aliye hai. Nilimtazama yule bibi, nikaona naye ameshaweka vidole vyake hapo hapo.

"Bibi, hii..."

"Mwagia maji, mwanangu," alinong'ona. "Wewe mwagia tu."

Nikamwagia. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Maji ya bomba, ya baridi. Yalipita kisogoni kwa mtoto yakaanguka kwenye beseni, na nilipoingiza mkono kulisogeza lile beseni, maji yalikuwa ya uvuguvugu.