Ufunguo Namba Kumi na Saba

"Unafanya nini mlangoni kwangu?"

Alishtuka, ufunguo ukamponyoka, ukadunda kwenye saruji na kulala karibu na kiatu changu. Siku hiyo nilitoka kazini mapema, mikono bado ina grisi ya lifti, na nani namkuta amepiga magoti mbele ya kufuli la geti langu? Mchumba wangu. Mwanamke ambaye wiki tano mbele tulikuwa tunafunga ndoa.

"Najaribu tu," akasema.

"Kama unataka kuniibia, humo ndani kuna godoro na redio mbovu. Ungeniambia, ningekusaidia kubeba."

Hakucheka. Huwa anacheka hata utani wangu ukiwa umechacha. Nikauokota ule ufunguo: mdogo, wa shaba, kichwani umegongwa namba 17.

"Huu si wa kwangu."

"Sasa nimejua si wa kwako."

"Ni wa nani?"

Akakaa palepale kizingitini, akajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Wa marehemu."

Nami nikakaa. Marehemu mumewe nilimjua kwa picha moja tu ya sebuleni, na hata hiyo ilikuwa inanitazama vibaya. Alikuwa mwalimu wa chuo kidogo cha ufundi wa mashine za hospitali, huko milimani, saa nne kwa basi. Alilala huko siku za kazi, akarudi nyumbani kila Ijumaa. Ijumaa moja, miaka sita iliyopita, akaanguka stendi. Moyo. Mkewe akakabidhiwa nguo zake kwenye mfuko wa plastiki.

"Mimi ni dobi," akaniambia. "Mifuko ya wanaume naijua kuliko wake zao. Suruali yake niliikung'uta kama ninavyokung'uta za wateja, ukaanguka huo. Si wa nyumba yetu, si wa kabati, si wa sanduku lake. Niambie wewe: mwanaume anayelala mbali siku tano kwa wiki ana ufunguo wa wapi?"

"Labda..."

"Miaka sita naitafuta hiyo labda. Kila kufuli ninalokutana nalo naujaribu. Geti la jirani. Stoo ya shule. Nyumba ya yule muuza vitambaa aliyelia sana msibani. Nikipiga pasi namsikia anakohoa nyuma yangu, kile kikohozi chake cha kutaka kusema jambo. Nageuka, hakuna mtu. Nampigia kelele, 'Sema basi, ni nani?' Kumbe mteja yuko mlangoni ananishangaa."

"Na kwangu ulikuwa unatafuta nini?"

"Sijui. Mkono umezoea."

Nikaogopa, sitaki kudanganya. Mimi kazi yangu ni kuwatoa watu waliokwama kwenye lifti. Najua sura ya mtu aliyekwama, nayo ndiyo niliyokuwa naitazama.

"Kule chuoni hukuuliza?"

"Nimuulize nani? Chuo cha watu arobaini, wanakula meza moja. Kama alikuwa na mtu, walijua wote isipokuwa mimi. Mkuu wao, mwanamke, aliniletea barua, tatu au nne. Nilizitia kwenye pasi pamoja na mkaa bila kuzifungua." Akaunyakua ufunguo mkononi mwangu. "Na sasa mwanangu kapata nafasi huko huko. Chuo kikuu cha mjini kimemkubali, yeye anatazama kile. Nisikilize vizuri, mpenzi. Akienda kule, mimi sitaweza kuolewa. Sitavaa gauni jeupe wakati mtoto wangu anakula meza moja na huyo mwanamke."

"Hujui kama yupo."

"Ufunguo upo."

* * *

Binti yake ana miaka kumi na minane na jina lake halina kazi. Mtaa mzima unamwita Maswali. Kesho yake akanifuata kazini, juu kabisa ya jengo, kwenye chumba cha mota.

"Anko, Jumamosi chuo kinapokea wanaotaka kukitazama. Nipeleke."

"Mama yako ataninyoa."

"Anko, wewe una kipara."

"Ndiyo maana atanyoa ngozi. Kwa nini kile? Cha mjini kina kila kitu."

Akakaa juu ya ndoo ya grisi. Mota ikaunguruma, ikanyamaza.

"Ndiyo shida yenyewe. Sijui kama nakitaka chuo au namtaka baba. Mama hataki hata kukitaja. Kila mtu ninayemuuliza ananijibu la kwake. Wewe utaniambia ulichoona."

Sikuwa na la kwangu? Nilikuwa nalo. Akichagua cha mjini, naoa. Akichagua kile, naendelea kulala na redio yangu mbovu. Lakini mtoto alinitazama kama mtu asiye na la kwake, nikaona aibu.

Mama yake alipoambiwa alijibu kwa meseji: "Mpeleke. Akione kilivyo kidogo, akichoke mwenyewe."

* * *

Kidogo kweli. Karakana moja ndefu, madarasa matatu, bweni, jiko. Maswali alikuja na daftari. Akamshika mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliyekuwa anasafisha mizani ya kupimia watoto wachanga.

"Mko wangapi?"

"Arobaini na sita."

"Kibaya cha hapa ni nini? Usinipe cha kwenye karatasi ya matangazo."

Yule dada akacheka. "Huna pa kujificha. Ukigombana na mtu, asubuhi mnakunywa chai mnatazamana. Usipofanya zoezi, hadi mpishi anajua."

"Na kizuri?"

"Nilipougua malaria, mpishi alikuja na uji kabla sijamwambia mtu."

Maswali akaandika yote mawili. Mimi nikaandika kichwani kwamba walimu ni wanne, kwamba bomba la bweni linavuja, na kwamba kila mwanafunzi niliyemwona alikuwa ameshika kitu halisi mkononi, si picha yake ubaoni.

Ndipo akaja mkuu wa chuo. Nilikuwa nimejiandaa kumwona mrembo wa kuvunja ndoa za watu. Alikuja mama mfupi, miwani imeshikizwa kwa waya, koti limetoboka kwa asidi. Akamtazama Maswali usoni kwa muda mrefu, kisha akatuingiza karakana.

Ukutani kulikuwa na misumari, na kwenye kila msumari kufuli jekundu lenye namba.

"Kila mtu hapa ana kufuli lake na ufunguo mmoja," mkuu akaeleza. "Kabla hujaingiza mkono kwenye mashine, unazima swichi yake na kuifunga kwa kufuli lako. Ufunguo unautia mfukoni. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulifungua, hata mimi. Maana mwenzako akiwasha umeme wewe ukiwa ndani, tunakuzika."

Nikaanza kutafuta kumi na saba ukutani.

Kwenye pembe kulikuwa na mashine kubwa ya eksirei iliyofunikwa shuka. Swichi yake ukutani ilikuwa imefungwa kwa kufuli jekundu lililopauka. Maswali akalisogelea.

"Kumi na saba. Hii mashine mbona imefunikwa?"

"Imefungwa miaka sita."

"Chuo kina mashine ngapi za eksirei?"

"Mbili."

"Mbili, na moja mmeiacha imefungwa miaka sita? Samahani mama, lakini hicho ni chuo gani?"

Mkuu akavua miwani.

"Kumi na saba ni baba yako. Ijumaa ile alikuwa anaitengeneza, basi likapiga honi, akakimbia. Alisahau kufungua. Mtu aliyekuwa akiwafokea wenzake kwa kusahau! Kwa sheria yetu kufuli la asiyekuwepo halikatwi mpaka yeye au mtu wa nyumbani kwake atie saini. Nilimwandikia mama yako mara nne."

"Msumeno mnao. Si mngekata tu?"

"Ningekata Jumatatu, Jumanne ningewafundisha nini?"

Maswali akaligusa kwa kidole kimoja na kukiondoa haraka, kana kwamba limemwita. Naapa nilisikia mtu anakohoa nyuma yangu. Niligeuka. Palikuwa na koti la buluu limetundikwa msumarini, basi.

* * *

Tukiwa njiani kurudi simu yangu ikalia meseji.

"Umemwona huyo mkuu? Ni mzuri?"

Nikaandika: "Nimeuona mlango wa ufunguo wako." Nikafuta.

Maswali alikuwa amelala, kichwa dirishani. Hakujua habari ya ufunguo. Nilijua mimi peke yangu kwenye basi zima. Na hapa niseme ukweli wangu mchafu. Mwanamke yule alinipenda mimi akiwa na hasira na mumewe. Kila aliponiambia "wewe huna siri", alikuwa anampiga kijembe marehemu. Nikimrudishia mume mwaminifu, aliyekufa akikimbilia basi la kwenda nyumbani, mimi nabaki nani? Fundi wa lifti mwenye kipara. Nikinyamaza, mtoto atakwenda mjini, mama ataolewa, na kikohozi kitaendelea nyuma ya pasi. Ningekizoea.

Nikamjibu: "Ana miwani ya waya. Nakuja kwako moja kwa moja."

Nilimkuta dukani anapiga pasi mashati ya hoteli. Nikamweleza yote, misumari, kufuli, honi ya basi. Alikuwa amesimama na pasi mkononi, sikio kanitegea, macho kwenye shati.

"Rudia namba."

"Kumi na saba."

"Rudia hapo kwenye basi."

"Lilipiga honi, akakimbia. Alikuwa anawahi kuja kwenu."

Shati likaanza kutoa moshi. Nikamtoa pasi mkononi.

"Nimemtukana miaka sita," akasema. "Kaburini kwake sijawahi kwenda hata na maji. Miaka sita, jamani, na alikuwa anawahi kuja kwangu!"

Nikamsogelea. Akanizuia kwa kiganja.

"Naomba uondoke. Usinipigie."

Nikaondoka. Siku ya kwanza nilijisifu. Siku ya nne nilijilaani. Siku ya tano abiria walikwama kwenye lifti ghorofa ya tano, mmoja akanipigia kelele, "Fundi, unafanya nini huko?" Kumbe nilikuwa nimekaa juu yao naitazama simu. Siku ya sita ikaingia meseji yake:

"Kesho Jumamosi. Tupeleke. Chukua mafuta ya kulainishia."

* * *

Mchumba wangu hakusalimiana na mtu pale chuoni. Alipita katikati ya karakana na mtandio wake wa msibani, akasimama mbele ya swichi. Ufunguo ukaingia. Haukuzunguka. Akajaribu tena, akageuka kunitafuta kwa macho.

Nilitia mafuta matone matatu. Mikono yangu, nikafikiri, inamfungulia mwanaume mwingine mlango.

Kufuli likaachia.

Akalishika kifuani kwa mikono miwili.

"Baba Maswali," akasema taratibu, kama anayeongea na mtu wa chumba cha pili. "Nilikufikiria vibaya. Nisamehe. Toka sasa. Ijumaa imeisha."

Hakuna aliyekohoa. Mkuu wa chuo alilia, na mwanamke wangu alimshika mkono wakalia pamoja.

Maswali ndiye aliyetukatiza, angekuwa nani mwingine?

"Mama mkuu, nikiuliza jambo utanijibu kweli? Kama nisingekuwa mtoto wake, mngenichukua?"

"Maombi yote niliyasoma nimefunika majina. Lako lilikuwa la tatu kwa ubora. Swali lako la mashine mbili ndilo bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu, na lilinichoma."

Mtoto akafungua daftari, akaanza kuzunguka upya. Alihesabu meza, akafungua bomba la bweni, akakaa jikoni na mpishi nusu saa. Mama yake akaniuliza, "Anatafuta nini tena?"

"Juzi alikuwa anamtazama baba yake," nikamwambia. "Leo ndiyo anatazama chuo."

Akarudi na kusimama mbele yetu sote.

"Anko, wewe umeona nini?"

"Walimu wachache. Bomba bovu. Ukikosana na mtu utateseka. Na watu walioacha mashine ikae giza miaka sita kwa sababu walitoa neno."

"Mama?"

"Mimi nilikichukia kwa kosa lisilo lake. Amua mwenyewe."

"Nakuja hapa," akasema. "Lakini kumi na saba sitaki, itundikeni ipumzike. Nipeni namba yangu."

* * *

Kwenye basi Maswali alikaa kiti cha mbele yetu ili tuongee. Mama yake akatazama dirishani, mimi nikatazama kisogo cha mtoto. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu na mimi sikujua kama ipo. Mpaka tunafika getini kwangu ndipo nikajikaza.

"Umempata mumeo," nikasema. "Alikuwa mtu mzuri. Ukitaka tuvunje, nitaelewa."

"Ulijua kwamba ukiniambia unaweza kunikosa?"

"Nilijua."

"Ukaniambia."

"Nilichelewa saa nne, basi zima. Nilitaka kunyamaza."

Akanitazama sana. Halafu akanyoosha kiganja, kitupu.

"Nipe ufunguo."

"Upi?"

"Wa hapa, we mzee. Nimechoka kujaribu makufuli ya watu."

Nikautoa kwenye mnyororo wangu, nikampa. Akapiga magoti mbele ya kufuli lilelile, akauingiza, ukazunguka mara ya kwanza. Akabaki pale amepiga magoti, analifungua na kulifunga, analifungua na kulifunga, huku akicheka na machozi yakimtoka, mpaka Maswali akauliza kama tunaingia ndani au tunalala getini.