Gari la Kumpandisha Mama Matombo

Kila asubuhi Bi Lucy alitoa kiti chake nje, akakaa akiangalia milima. Nyumba ya mkwewe iko Kihonda, mjini Morogoro, na ukiwa Kihonda milima ya Uluguru unaiona yote, isipokuwa siku ya mawingu tu. Bi Lucy hakuwa anaangalia uzuri wake. Alikuwa anaangalia kwao.

Nyuma ya milima ile, juu ya Matombo, yuko dada yake, Skolastika. Ndugu hawa walilala kitanda kimoja mpaka Lucy alipoolewa Turiani. Mumewe alipofariki, binti yake Anastasia alimleta mjini akae naye. Kisha nyonga ya Bi Lucy ikaharibika. Basi linaishia misheni Matombo, na kutoka pale ni pikipiki tu. Bi Lucy hawezi tena kupanda pikipiki. Skolastika naye macho yamefifia, hashuki mlimani. Wakabaki na simu.

"Umekula nini?" mmoja anauliza.

"Ndizi. Wewe je?"

"Wali."

"Wali wa mjini huo. Utashiba nini?"

Kisha wote wawili wananyamaza, simu sikioni, dakika zinakwenda bure. Anastasia alikuwa akimsikia mama yake kutoka jikoni, na moyo ulimuuma.

Ndiyo sababu yeye na mumewe, Bartholomeo, walijibana mpaka wakaweza kununua gari. Siyo gari la kuringia. Walitaka gari la juu, hata kama limeshatumika, lenye nguvu ya kupanda mlima na nafasi ya mama kunyoosha mguu.

Siku moja, baada ya sala za jumuiya ya kanisa, Emmanuel akasema anauza lake. Emmanuel ni mtu wao. Watu wa jumuiya wanasali nyumba kwa nyumba, wanachangiana harusi na wanazikana. Gari lenyewe lilikuwa linang'aa. Bartholomeo alilizunguka mara moja, akakaa kwenye usukani, akawasha redio na kiyoyozi. Wakalijaribu kwenye lami ya kwenda Dodoma, pale iliponyooka. Likaenda vizuri sana. Bartholomeo akashuka anatabasamu kama mtoto wa komunyo ya kwanza. Wakapeana mikono, Jumamosi walipane.

Bi Lucy hakungoja hiyo Jumamosi. Alipiga simu siku ileile.

"Dada, nakuja Jumapili."

Skolastika akasema, "Lucy, usinidanganye."

Jioni jirani yao Hafidha alipita kusalimia. Mtaani wanamwita Mama Luqmani. Ana pikapu yake, na kazi yake ni kushusha ndizi na mananasi kutoka Mkuyuni kuleta sokoni mjini. Alimkuta Bi Lucy anakunja kanga mpya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Jumapili naenda kwetu."

Hafidha akafurahi naye. Halafu akamgeukia Bartholomeo. "Fundi amesemaje kuhusu hilo gari?"

"Fundi wa nini? Gari la Emmanuel wa jumuiya."

"Najua ni la nani. Fundi amesemaje?"

Bartholomeo akakuna kichwa. "Mama Luqmani, yule ni mtu wa kusali naye. Nikimpelekea fundi, si namwita mwongo?"

"Emmanuel anasali. Gari halisali," Hafidha alisema. "Ule mlima wa Kiroka, njia ya Matombo, hautakuuliza ulinunua kwa nani. Likikushinda pale, mama ndiye amekaa nyuma."

Kumbe mtu mwema anaweza kuuza gari bovu bila kujua ni bovu. Wengi wetu hatulifikirii hilo. Tunaona haya kukagua mali ya mtu tunayemjua, na haya hiyo inatugharimu.

"Mpigie," Hafidha akaendelea. "Mwambie tunakuja kesho asubuhi, asiliwashe kabla. Injini ikishapata moto inaficha maradhi yake."

Asubuhi Bartholomeo alibisha hodi kwa Emmanuel kwa sauti ya mtu mwenye hatia. "Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele na amina. Karibuni."

Hafidha aliweka kiganja juu ya boneti. Lilikuwa baridi. Akafungua kifuniko cha rejeta, sehemu inayowekwa maji ya kupoza injini.

"Hapa pafungue injini ikiwa imepoa tu," alimwambia Bartholomeo. "Ikiwa ya moto, maji yatakuruka usoni."

Maji yalikuwa yamepungua sana, na rangi yake ya kutu. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta kwa kitambaa, akakirudisha, akakichomoa tena.

"Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, jua maji yameingia ndani ya injini. Hii bado haijafika huko. Kaka Emmanuel, maji unaongeza mara ngapi?"

"Kila Jumapili," Emmanuel alijibu bila wasiwasi. "Magari si yanakunywa maji?"

"Gari zima halinywi maji."

Emmanuel akashtuka. "Lakini naenda nalo Dumila, naenda nalo Dodoma, halijawahi kunisumbua."

"Huko ni tambarare. Twende mlimani, na watu tujae. Gari tupu halisemi ukweli."

Emmanuel akawapakia na wanawe, wakapita Bigwa, wakaanza kupanda kuelekea Kiroka. Hafidha alikuwa anaangalia mshale wa joto. Mwanzo ulitulia katikati. Kona chache juu, ukaanza kusogea, ukasogea tena.

"Simama hapa, zima," alisema. "Ukilazimisha, utaua injini."

Walikaa kando ya barabara wakisubiri lipoe. Bartholomeo alitamani ardhi immeze. Lakini Emmanuel alimshika bega. "Ndugu yangu, ningekuuzia hili, halafu ningekuangaliaje kwenye sala? Nalipeleka gereji."

Kazi ngumu ilibaki nyumbani. Bi Lucy ilibidi apige simu.

"Dada, Jumapili siji."

"Nilijua," Skolastika alisema, akakata.

Bi Lucy akairudisha ile kanga sandukuni. Hakula usiku ule. Anastasia alimchukia Hafidha kidogo, ingawa alijua hana kosa.

Wakatafuta tena. Safari hii Hafidha aliwapeleka Mkuyuni kwa Innocent, mfanyabiashara wa mdalasini na pilipili manga. Gari lake lilikuwa limechubuka mlango, na kiti cha nyuma kimeshonwa kwa mkono. Anastasia alipoliona alikata tamaa.

Bartholomeo sasa alikuwa amegeuka mkaguzi mkuu. Alilala chini ya gari kutafuta oili inayovuja mpaka shati likabadilika rangi. Alifunua zulia kuangalia kama kuna tope au kutu ya mafuriko. Aliliwasha likiwa baridi, akatazama moshi wa nyuma. Kisha akamleta fundi aliyemchagua mwenyewe, siyo wa muuzaji, apime injini kwa kompyuta, akague breki, na aone kama magurudumu yote manne yanavuta. Walilinganisha namba iliyogongwa kwenye chesisi, fremu ya gari, na ile ya kwenye kadi ya usajili, na jina la kwenye kadi lilikuwa la Innocent. Mwisho wakajaa ndani na kupanda mlima. Mshale wa joto haukutikisika.

"Breki za nyuma zimelika," fundi alisema. "Badilisheni kwanza. Mengine ni sura tu."

Walibadilisha, ndipo wakalipa.

Jumapili iliyofuata hawakupiga simu kabla. Bi Lucy alikataa. Walipofika juu ya Matombo, Skolastika alikuwa amekaa mlangoni.

"Nani hao?" aliuliza.

Bi Lucy alitembea na fimbo yake polepole, akamshika mkono. Skolastika akaupapasa mkono ule mpaka kwenye kiwiko.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umezeeka."

Wakacheka, kisha wakalia wote wawili, na hakuna aliyejaribu kuwanyamazisha.

Jua lilipoanza kushuka, Anastasia alisema, "Mama, tuondoke, barabara ni mbaya gizani."

"Nendeni," Bi Lucy alisema. "Mimi nabaki."

"Mama, tulinunua gari uje kusalimia."

"Nimeshasalimia. Sasa nakaa na dada yangu."

"Na ukiumwa?"

"Nitapiga simu. Gari zima mnalo, mtanifuata."

Anastasia alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu. Bartholomeo akashusha gari kwa gia nzito, taratibu, na kiti cha nyuma kilikuwa kitupu. Anastasia alilia mpaka Mkuyuni. Hapo akafuta macho.

"Kesho upime oili na maji," alimwambia mumewe. "Jumamosi tunapanda kwa mama."