Mizizi ya Mnasambu

Ukuta ulikuwa unakula tangu kulipokucha. Uliuzunguka mji wote wa Ifakara, kilomita ishirini na mbili, ukizitenga nyumba na mashamba ya mpunga, na kutoka juu mpaka chini ulikuwa umeotwa na mmea mmoja tu, mwekundu kama nyama mbichi. Mmea huo uliitwa mnasambu. Kila jani lake lilikuwa na vinywele, na kwenye ncha ya kila kinywele lilikaa tone la gundi lililong'aa kama umande. Mbu akiligusa tone hilo haondoki tena. Vinywele vinamwinamia polepole, jani linajikunja, na baada ya siku mbili kinachobaki ni bawa. Mabomba membamba ndani ya ukuta yalitoa harufu ya jasho la binadamu ili kuwavuta mbu, na akili mnemba ndiyo iliyoamua itoke upande gani na saa ngapi. Mwaka huo wa 2091, watoto wa Ifakara waliisoma malaria kwenye kitabu cha historia.

Lakini ukuta nao ulichoka. Ulikufa vipandevipande, ukatakiwa kupandikizwa kila siku. Kazi hiyo roboti ziliishindwa, maana vidole vyao vilinasa kwenye gundi. Ikabaki kwa wanawake, mia tatu hivi, kwenye banda la vipandikizi nyuma ya stesheni. Mmoja wao alikuwa Skolastika Mkwama, ambaye wote walimwita Mama Gau kwa jina la binti yake Gaudensia, mtoto wa miezi mitano.

Skola alikuwa na miaka saba kwenye kazi ile. Jani alilikata pamoja na kikonyo chake, akalilaza juu ya mboji ya kinamasi, upande wa gundi ukitazama juu, akalibana kidogo lishike unyevu. Maji yalikuwa ya mvua tu. Ya bomba yana chokaa, na mnasambu hauivumilii. Wiki ya nne vimmea vinachomoza juu ya jani lenyewe, kama vipele. Mzizi ulikuwa na namna yake. Ni mweusi, mwembamba kama uzi. Aliukata vipande vya urefu wa kiungo cha kidole, akavilaza, akavifunika na mboji kiasi cha kuvikinga jua. Mzizi huchelewa kuliko jani, lakini haumwangushi mtu.

Mlangoni palikuwa na jicho-kaguzi, mashine inayosoma rangi. Ukitoka na jani mfukoni, hata la ukubwa wa ukucha, linapiga king'ora. Mmea wa ukutani ni wa ukutani, walisema wakubwa, msitoe nje. Wa majumbani ulikuwepo, ulitolewa ofisini, lakini ulikuwa mdogo, unakula mbu watatu na kusinzia. Wanawake wa bandani waliudharau. Na wao walikuwa na desturi yao: mwenzao akijifungua, wanampelekea mnasambu ndani ya kopo, autundike juu ya kitanda cha mtoto. Sasa utampelekeaje mzazi kitu dhaifu? Basi walichukua mizizi ya ukutani, wakaifunga kwenye pindo la kanga. Jicho-kaguzi liliona uchafu tu, likawapitisha.

Skola alisifika kwa hilo. Mizizi yake iliota nyumba thelathini na moja, na ya kwake ikiwa ya thelathini na mbili.

"Mama Gau," Mama Kizito alimwambia siku moja, walipokuwa wamesimama meza moja, "huyo binti yako unamfunga mdomo na nini? Jirani yako mimi, wiki nzima sijamsikia."

"Amelala. Analala kama mbunge."

"Wangu wote wanne walinitoa roho. Wewe una bahati yako."

Skola alitabasamu bila kuinua macho. Miguu ilikuwa inamuuma. Aliamka saa kumi, akasimama mezani kwa muda wa saa tisa mfululizo, akarudi nyumbani kufua na kupika peke yake, kwa sababu Valeri, mumewe, alikuwa kwenye machimbo ya mwezini na likizo yake ilibakiza miezi kumi na moja. Mtoto asiyesumbua aliuona kama neema. Na hapo ndipo sisi wazazi tunapojidanganya. Ukichoka sana, kimya unakiona afya.

Alhamisi akaenda kliniki. Roboti ya mizani ikampokea Gaudensia kwenye kitambaa chake, ikambembeza mara moja, ikasoma. Nesi Edelina akaitazama kadi, halafu akamtazama mama.

"Ameshuka gramu mia nne. Ananyonya?"

"Nikimpa ananyonya."

"Na asipopewa? Anadai?"

Skola alifikiri. "Hadai," akasema.

Nesi akaandika, kisha akachukua sindano ya chanjo. Gaudensia aliitazama ikiingia pajani kama vile paja ni la mtu mwingine.

"Shujaa huyo," akasema mama mmoja kwenye benchi. Wenzake wakaitikia. Walikuwa kumi na wawili, kila mmoja na mtoto, na pale kliniki ungesikia feni inavyozunguka.

Aliyefuata alikuwa mgeni, mwanamke aliyeshuka kutoka milima ya Mahenge kuja kumtazama dada yake. Kule juu kuna baridi, mbu ni wachache na mnasambu hawaujui. Mwanawe alipochomwa alipiga ukelele uliojaza chumba, akakunja ngumi, akakaza mwili, akalia tena. Benchi zima likageuka. Mmoja alimvuta wake karibu, kama anayekwepa maradhi.

"Dada, mpeleke kwa daktari," akasema. "Huyo ana kitu."

Mgeni alishangaa. "Amechomwa sindano. Mlitaka aimbe?"

Skola aliwatazama wale watoto mmoja mmoja, macho wazi, vinywa vimefungwa. Tisa kati yao aliwapelekea kopo yeye mwenyewe.

Hakurudi nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Mhandisi Rwegoshora, msimamizi wa ukuta, mtu wa makamo mwenye sauti ya chini na macho ya kukosa usingizi.

"Gundi ile ina nini?" akamuuliza.

Mhandisi alimwonyesha kiti. "Mbu akinaswa anapapatika, na mbu elfu wakipapatika wanararua jani. Kwa hiyo tuliuongezea mmea kinasaba cha kutengeneza ganzi. Mdudu anatulia. Ganzi hiyo inatoa mvuke kidogo, lakini upepo wa nje unaupeleka, haudhuru mtu. Wa majumbani hatukuuwekea." Kisha akamkazia macho. "Kwa nini unauliza?"

"Tulipeleka wa ukutani vyumbani. Kwenye vitanda vya watoto."

"Haiwezekani. Jicho-kaguzi lingeona."

"Tulichukua mizizi."

Mhandisi alifumba macho. "Tulilifundisha kutambua majani tu," akasema. "Mizizi hakuna aliyeifikiria. Lakini Mama Gau, mliambiwa msitoe."

"Tuliambiwa tusitoe. Hatukuambiwa kwa nini."

Mhandisi alisema kampuni ya ukuta itakaa kikao, kisha itatoa tangazo, wiki mbili au tatu, kwa utaratibu ili watu wasiingiwe na hofu.

"Na mtoto wangu, atarudi hali yake?"

"Mtu mzima anarudi baada ya siku chache. Mtoto wa miezi mitano hatujawahi kumpima. Mnyonyeshe kila saa mbili, usingoje adai. Na mmea usiung'oe. Kipande cha mzizi kikibaki kwenye udongo kinaota. Chemsha kopo na kila kilichomo, na chumvi."

Jioni hiyo hiyo Skola alichemsha kopo lake. Kesho yake hakwenda bandani. Alimfunga Gaudensia mgongoni akaanza kupita nyumba kwa nyumba, akisema maneno yale yale: nilikuletea mimi, sikujua, nipe nikachemshe. Wengine walimpa wakilia. Wengine walimtukana. Mmoja alimwuliza kama ameshindwa kuvumilia kuona wenzake wamepumzika. Siku ya tano, nyumba ya kumi na saba, mchana, alimkuta Mama Nestori mlangoni, na huyo alikuwa na mapacha.

"Sitoi," akasema Mama Nestori. "Umewahi kulea wawili wanaolia kwa zamu? Mimi nililea, kabla hujaniletea hilo kopo. Nilisinzia nikiwa nimesimama jikoni. Na mbu je? Utakuja kuwapepea wewe?"

"Watie kwenye chandarua."

"Chandarua. Mama Gau, tunarudi kwenye chandarua?"

Skola alitaka kujibu, na hapo akasikia mlio mwembamba, akadhani ni bawaba ya mlango. Mlio ukarudi. Ulikuwa mgongoni kwake. Ulipanda, ukakatika, ukapanda tena, mpaka ukawa kilio, kikavu, cha hasira.

"Huyo ana nini?" Mama Nestori akauliza.

"Ana njaa."

Skola alifungua kanga, akakaa kizingitini pale pale bila kukaribishwa, akampa titi. Mama Nestori alisimama akimtazama mtoto anavyovuta. Kisha akatazama saa ya ukutani, akaingia chumbani.

Alipotoka alikuwa amewabeba wote wawili, mmoja kila mkono, nao walikuwa macho. Aliketi kizingitini karibu na Skola, taratibu kama mgonjwa.

"Kopo liko juu ya kitanda, chukua," akasema. "Niliwanyonyesha mara ya mwisho alfajiri." Alimtazama wa kulia, akamtazama wa kushoto. "Nianze na yupi?"

Skola aliwaangalia, akatafuta dalili ya aliyezidiwa na njaa. Hakuna aliyekuwa analia.