Alama za Siku Ambazo Hazijafika

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, binti alimtungia mama yake uzi kwenye sindano. Mama alikuwa fundi cherehani, na macho yake yalishachoka. Lakini mwaka huo uzi ulianza kupita pembeni. Jicho la kushoto la binti lilikuwa linakimbilia nje, kuelekea sikioni.

Shuleni walimwita Pande Mbili.

"Unaniangalia mimi au dirisha?" aliuliza mwenzake wa dawati, na darasa likacheka. Binti akazoea kuongea akitazama chini.

Daktari wa macho alimpa miwani na zoezi. Anyooshe mkono, atazame ncha ya penseli, aisogeze polepole hadi karibu na pua. Ikionekana mbili, aisimamishe hapo mpaka aione moja. Mara ishirini, asubuhi na jioni, na kila siku aweke alama kwenye karatasi.

"Ukizembea, ubongo utazoea kulisahau jicho hilo," daktari alisema. "Hapo tutaongea habari ya kisu."

Zoezi lilimuumiza kichwa. Siku ya nne akaacha. Miwani ikalala mkobani. Alama aliziweka zote kwa mkupuo mmoja.

"Umefanya, mwanangu?" mama aliuliza kila jioni.

"Nimemaliza, mama."

Tarehe ishirini walirudi kliniki. Daktari alipima, akapima tena, kisha akachukua karatasi.

"Leo ni ishirini. Mbona umeshafanya na ya tarehe thelathini?"

Binti alikosa pa kuweka uso. Mama alitazama sakafu.

"Jicho limezidi," daktari alisema. "Nawapa miezi miwili. Lisiporudi, tunapasua."

 Nyumbani mama aliacha cherehani, akavuta kigoda, wakakaa uso kwa uso.

"Shika penseli. Nahesabu mimi."

Ikawa hivyo kila siku, nguo za watu zikisubiri. Kuna siku binti alilia. Mama aliendelea kuhesabu.

Miezi miwili ilipotimia, daktari alisema kisu hakihitajiki tena, ingawa binti akichoka jicho bado lingeteleza kidogo. Kesho yake asubuhi uzi ulipita mara moja. Mama akaipokea sindano.

"Mimi ulinidanganya, na karatasi ukaidanganya," alisema. "Jicho hukuweza kulidanganya. Dawa haimponyi anayeiwekea alama, mwanangu. Humponya anayeitumia."