Mguu Uliokanyaga Breki

Lampang nzima, hapa Thailand, na usinitajie Chiang Mai, hakuna fundi breki kama mimi. Kuna madereva wanatoka mpakani Laos, wanapita gereji arobaini njiani, wanakuja kwa Bunthan. Bunthan ndiyo mimi. Shule sikusoma, lakini mkono huu ukigusa diski, diski inajieleza yenyewe. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba yaliyompata mdogo wangu Kamlai hayakutokana na uzembe wa fundi. Lile gari nililikagua mimi.

Ilikuwa asubuhi, msimu wa joto. Nimemaliza wali wangu wa kunata na pilipili ya kuchoma, nanawa vidole. Pikapu ya shemeji yangu Sawai, mume wa Kamlai, ililala hapo gereji toka jana yake. Alikuwa ameinunua kwa bwana mmoja kule Tak, bwana aliyekuwa na haraka ya kuuza kuliko Sawai alivyokuwa na haraka ya kununua. Mchana huo alitaka kumpeleka Kamlai kwa mama mkwe, mama yake Sawai mwenyewe, ng'ambo ya mlima, akajifungulie huko, maana tumbo lilishakuwa kubwa hata vidole vyake vya miguu alikuwa havioni. Na ule mteremko wa mlimani, hata nyoka akishuka anajishikilia. Kwa hiyo shida ya Sawai ilikuwa moja tu. Nihakikishe breki zinashika na feni ya rejeta inapoza injini. Mke wake na mtoto wake watakuwa humo.

"Sawai," nikamwita, "mbona usukani una vitambaa mafungu mawili?"

Vya chini vilikuwa vya zamani, rangi imepauka. Vya juu vipya, vyekundu, njano na kijani, vinang'aa.

"Vya juu kavifunga mtawa wa hekaluni kwetu. Vya chini nimevikuta."

"Yule wa kwanza ulimuaga?"

"Nani?"

"Mama wa Gari, nani mwingine. Umemleta wa pili na wa kwanza hujamfungulia mlango."

Akacheka, yule bwege. "Shemeji, gari lina viti vya kutosha. Watabanana."

Kila gari lina mama yake, mzimu wa kulilinda, hilo hata mtoto wa kunyonya analijua. Gari likiuzwa, unaweka ua na ubani, unamwomba wa zamani aende kwa amani, unavua vitambaa vyake, ndipo unamkaribisha wako. Sawai alifunga mmoja juu ya mwingine. Ningemrudisha nyumbani pale pale akafanye mambo sawasawa. Lakini mimi siogopi kitu. Nilishalala peke yangu mahali wanapochomea maiti, wiki nzima, sababu ya ubishi tu. Nikachukua spana.

Nikaanza na feni. Injini ilikuwa baridi, imelala usiku kucha. Ufunguo uko mfukoni kwangu. Nafungua boneti, feni inazunguka.

Sikushtuka. Feni za umeme zina vituko, waya zikigusana inajiendea. Nikachomoa waya wa betri, nikauweka pembeni. Feni ikaendelea. Polepole, kama mtu anayejipepea kibarazani. Nikaweka kiganja mbele ya rejeta. Sasa feni kazi yake ni kuvuta upepo uingie kwenye injini. Hii ilikuwa inatoa. Na upepo wenyewe wa vuguvugu. Unakuja, unakata. Unakuja, unakata.

Nilishawahi kumwekea bibi yangu kiganja puani siku anakata roho. Ulikuwa vile vile.

Nikafunga boneti. Sikumwambia Sawai. Fundi hakimbii gari. Nikalipandisha juu ya magogo, nikalala chini nitoe upepo kwenye breki. Hii ni kazi ya watu wawili. Mmoja juu anakanyaga pedeli na kushikilia, wa chini anafungua nati, mafuta yanatoka na upepo, anafunga, wa juu anaachia. Nikiwa kule chini nikapaza sauti, nikamwambia Sawai akae kwenye usukani. Nikasikia mlango unafungwa. Nikajua kaingia.

"Kanyaga."

Pedeli ikashuka. Nikafungua nati, mafuta yakatoka na mapovu. Nikafunga.

"Achia."

Ikapanda. Tukaenda hivyo, magurudumu ya nyuma yakaisha. Kazi safi. Anakanyaga taratibu, anashikilia, hatetemeki. Ikabidi nimsifu.

"Leo unakanyaga kama bibi harusi, Sawai. Siku zote una mguu wa nyati."

Kimya.

"Au umesusa?"

Kimya.

Nikahamia gurudumu la mbele. Nikafungua mdomo niseme kanyaga. Sijasema. Pedeli ikashuka. Nikafungua mdomo niseme achia. Ikapanda.

Nikiwa nimelala pale nikaona ndala. Zinavuka barabara, zinatoka kibanda cha tambi, zinakuja. Ndala za bluu, moja ina kamba imeshonwa na waya. Ndala za Sawai. Zikasimama karibu na uso wangu.

"Shemeji, nimekuletea kahawa ya barafu," akasema. "Bado hujaanza tu? Mimi nakusubiri uniite."

Juu yangu pedeli ikashuka tena. Taratibu.

"Sawai," nikanong'ona. "Nani amekaa kwenye usukani?"

Akainama, akachungulia dirishani.

"Hakuna mtu," akanong'ona na yeye. "Ila kiti kimebonyea."

Nilitoka chini ya lile gari kwa kasi ambayo hata mjusi angeniuliza naenda wapi. Tukaliteremsha mbio mbio. Si woga, ni kazi nyingi. Nikamwambia Sawai akimbie sokoni alete ua la yungiyungi na ubani, tumuage yule wa kwanza kabla jua halijapanda zaidi. Akakimbia. Mimi nikabaki nimesimama mbali kidogo na gari. Ndani ya boneti nasikia feni. Inakuja, inakata.

Hapo ndipo Kamlai akafika. Peke yake, mwavuli mkononi, ameshika kiuno.

"Kaka, mume wangu yuko wapi? Nimechoka kukaa nyumbani nahesabu mijusi."

"Kaa pale kwenye benchi, mdogo wangu."

"Benchi lako lina grisi kuliko wewe."

Akafungua mlango wa dereva.

"Kamlai, usikae hapo."

"Usinisumbue, Bunthan. Miguu imenivimba."

Akakaa.

Feni ikasimama.

Nilikuwa natamani isimame, na iliposimama nikatamani izunguke. Kimya kilichokuja kilikuwa kibaya zaidi. Kamlai akajisogeza kwenye kiti.

"Kina joto," akasema. "Nani alikuwa amekaa hapa?"

Akashika tumbo kwa mikono miwili.

"Katoto kamegeuka," akasema kwa sauti ndogo. "Kaka, kamegeuka kote."

Sawai akarudi. Tukamtoa mkewe garini, tukawasha ubani, nikamwomba yule mama wa kwanza msamaha kwa niaba ya shemeji yangu mjinga. Nikakata vile vitambaa vya zamani. Halafu nikarudisha waya wa betri, nikaivisha pedeli ya breki mpira mpya, nikakagua gari zima upya. Feni inawaka injini ikichemka, inazima ikipoa, inavuta upepo inavyotakiwa. Breki zinashika kama koleo. Nikalikimbiza barabara ya nyuma, nikakanyaga ghafla, likasimama palepale. Gari zuri. Halina mtu. Nikawaambia wote wawili, kifua mbele, nimemfukuza.

Hata hivyo roho haikutulia. Nikasema nitaendesha mimi. Sawai akapanda nyuma na mizigo, Kamlai akakaa mbele pembeni yangu. Njia nzima sikio langu liko kwenye boneti. Tukafika kwenye kibanda cha mizimu juu ya mlima, nikapiga honi ya kuisalimu kama dereva yeyote mwenye akili. Kisha mteremko ukaanza.

Kamlai alikuwa amefumba macho. Nikafikiri kalala. Kona ya kwanza, nikaona mguu wake wa kulia unajinyoosha, unakanyaga sakafu. Hapo hakuna pedeli, ni zulia tupu. Nikacheka moyoni, abiria waoga wote hufanya hivyo. Halafu nikakanyaga breki. Kona ya pili, mguu wake kwanza, wangu baadaye. Ya tatu hivyo hivyo. Mwanamke amefumba macho. Kona hazioni.

Mbele barabara ilinyooka kidogo. Peupe. Nikaongeza mwendo. Mguu wa Kamlai ukakanyaga.

Gari likapunguza mwendo.

Mguu wangu ulikuwa kwenye pedeli ya mafuta. Naapa kwa mama yangu. Chini, pembeni ya ndala yangu, pedeli ya breki inashuka yenyewe. Taratibu. Kama bibi harusi. Gari likasimama katikati ya barabara tupu, Sawai anagonga kioo cha nyuma anauliza kuna nini.

Na hapo, kwenye kona iliyokuwa mbele yetu, kutoka njia ya msituni inayoshukia pembeni, likatokea lori la magogo. Limekosa breki. Limechukua barabara yote. Likapita mbele ya pua yetu, likajikita kwenye udongo wa mlima, magogo yakamwagika pale ambapo tungekuwa.

Kamlai akafumbua macho. "Tumefika?" akauliza.

Alijifungua usiku wa siku ile ile, kwa mama mkwe, mtoto wa kike, salama. Mkunga akamwosha mara mbili. Akarudia ya tatu kwa sabuni. Unyayo wa kulia ulikuwa na mistari, imenyooka, imepangana, kama imechongwa na mashine. Mkunga akasema ni alama ya kuzaliwa, itafutika. Sawai akalia kwa furaha. Nikatoka nje na tochi, nikafungua mlango wa gari, nikainama chini ya usukani.

Mpira wa pedeli ya breki niliuvisha mimi asubuhi ile, mpya kutoka kwenye pakiti, mistari yake mikali inakwaruza kidole.

Mistari hakuna, ulikuwa laini kama yai. Na ulikuwa wa moto.