Sauti ya Nyanya na Betri za Juani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shuleni, nilipindua kinu, nikapanda juu yake na kuanika betri za redio juu ya mabati ya jiko. Ilikuwa kazi yangu ya kila siku, sawa na kuteka maji na kusugua sufuria. Betri zikichoka hatukuzitupa. Ziliota jua kutwa nzima, na jioni zilikuwa zimepata nguvu kidogo, za kutosha taarifa ya habari na labda nusu ya mechi. Mwaka huo wa 1998, mtu yeyote wa Garsen mwenye redio alifanya hivyo, kwa hiyo msinicheke.

Hiyo nusu ya mechi ndiyo iliyonitia hasira. Kombe la Dunia lilikuwa likichezwa Ufaransa, na mimi, Christabel, msichana wa darasa la saba, nilipenda kandanda kuliko wavulana wengi. Lakini kila kipindi cha pili mtangazaji alianza kunong'ona. Nilibandika sikio kwenye redio mpaka likaniuma, halafu kimya. Kesho yake darasani Jibril alisimulia mabao yote, kwa kuwa baba yake ana duka na redio yao ilitumia betri ya gari. Alivyosimulia ungedhani ameyafunga yeye.

Nyumbani tulikuwa na kitu kimoja cha thamani kuliko redio, nacho ni kaseti ya Nyanya Margaret, mama yake mama. Nyanya aliishi Chara akilima mpunga, na alifariki Februari, maji ya mafuriko ya El Niño yalipokuwa yakianza kupungua. Miaka mingi nyuma, mjomba Komora alimrekodi akiimba nyimbo za kuamia, zile zinazoimbwa shambani kufukuza ndege wasile mpunga. Mafuriko yalipoingia nyumbani kwetu, kaseti ile ililowa tope. Mama aliiosha kwa maji safi, akaianika kivulini siku tatu, akaifunga kwenye leso. Hakuthubutu kuicheza. Kila mtu alimwambia kwamba utepe uliolowa tope unaweza kucheza mara chache tu, kisha utakatika.

Hivyo tangu mazishi, mama hakuwa amesikia sauti ya mama yake.

Mwalimu Sadia, aliyetufundisha Kiswahili, ndiye aliyeleta matumaini. Yeye ni wa jamii ya Waorma, na wakati wa likizo alifanya kazi na watu waliokusanya maneno ya lugha za huku kwetu Tana. Ofisi yao ya Hola ilimwazima laptopu kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Sote hatukuwahi kuiona kompyuta inayofunguka na kufungwa kama kitabu. Alimweleza mama kwamba sauti ya nyanya ikishaingia humo haitachakaa tena, na itaweza kutolewa kwenye kaseti mpya, moja ya mama, moja ya mjomba, hata ya wajukuu wakitaka. Mama alimkabidhi kaseti kwa mikono miwili.

Ijumaa ile Mwalimu alinipa redio ya kaseti ya shule pamoja na betri sita mpya. Alinituma niipanguse vumbi nyumbani, niitie betri, niilete shuleni Jumamosi asubuhi. Alinichagua mimi kwa sababu aliniamini.

Nilifika nyumbani nikazitazama zile betri. Zilikuwa zikimeremeta. Jioni hiyo palikuwa na mechi ya robo fainali. Redio yetu hutumia betri nne. Nikajiambia kwamba nyimbo za nyanya ni za polepole, zitahitaji nguvu gani? Nikatia nne mpya kwenye redio yetu, na kwenye redio ya shule nikatia mbili mpya na nne za juani. Zilikuwa za aina moja, rangi moja. Nikazipangusa kwa kitambaa hata mimi nisingezitofautisha. Kisha nikasikiliza mechi mwanzo hadi mwisho, kila pasi, na nilikuwa na raha sana.

Jumamosi raha hiyo ilinitokea puani.

Tulikaa darasani, Mwalimu na mimi, laptopu juu ya meza, redio kando yake. Mwalimu alikuwa ameichaji laptopu kwa jenereta ya kinu cha kusagia unga. Alikuwa na waya mweusi wenye pini kila ncha. Ncha moja aliichomeka kwenye tundu la redio la kusikilizia kwa masikio, na nyingine kwenye tundu la ubavuni mwa laptopu. Waya ukishachomekwa, redio yenyewe hunyamaza, kwa hiyo husikii chochote mpaka urekodi kwanza, kisha ucheze ulichorekodi. Akaanza kurekodi, tukangoja kimya, akacheza. Tulisikia jogoo. Tukasikia benchi likilia, na mimi nikipiga chafya. Nyanya hakuwepo kabisa.

Mwalimu alikuna kichwa. Akapekua karatasi za maelezo alizopewa Hola, akagundua kwamba tundu lile lilikuwa la kutoa sauti, si la kuingiza. Laptopu, kwa kukosa kitu kwenye waya, ilikuwa imetumia kimaikrofoni chake chenyewe kilichofichwa karibu na kioo, ikaturekodi sisi.

Akahamisha pini kwenye tundu la pili. Safari hii nyanya alikuja, lakini alikuja kwa makelele, sauti ikipasuka na kukwaruza kama bati linaloburutwa barabarani. Tundu hilo lilikuwa la maikrofoni, na maikrofoni hutoa sauti ndogo sana ambayo kompyuta huikuza. Ukiliingizia redio nzima, linazidiwa. Ikabidi turudishe utepe nyuma tena. Mwalimu akapata tundu la tatu, lile la kuingizia sauti kutoka redio, akafungua kidirisha kwenye kioo na kuchagua sauti itoke huko, akapunguza sauti ya redio hadi nusu. Karibu saa mbili zilikuwa zimepita, na jasho lilikuwa likimtiririka.

Akacheza. Hakukuwa na mkwaruzo wala jogoo. Nyanya alianza kuimba vizuri kidogo, halafu akaanza kuzama. Sauti ikawa nzito, ikaburura maneno, ikawa kama ya mzee wa kiume aliyeamshwa usingizini.

Nilijua mara moja. Nilikuwa nimeisikia sauti ya namna hiyo mara nyingi nyumbani, betri za juani zikiishiwa nguvu na kaseti ikianza kuzunguka kwa uvivu.

"Christabel," Mwalimu aliniuliza bila kuniangalia, "betri ni zile mpya nilizokupa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Hakuuliza mara ya pili, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Laiti angeniuliza tena, labda ningesema. Badala yake alianza kuhangaika. Alichomoa waya, akaufuta, akauchomeka upya. Alibadilisha hiki na kile kwenye kidirisha. Kila alipobadilisha, alirudisha utepe nyuma na kuanza tena, na kila mara utepe ule dhaifu ulipita kwenye vichwa vya redio vinavyousoma ukikwaruzwa. Nilikaa pale nikimkasirikia Mwalimu kwa kuhangaika, nikiikasirikia laptopu, nikimkasirikia hata Jibril ambaye hakuwepo. Mtu niliyestahili kumkasirikia nilimruka. Sikuthubutu kufungua mdomo, na kadiri muda ulivyokwenda ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu.

Hatimaye chaji ya laptopu ikakaribia kwisha. Mwalimu alirekodi kaseti yote jinsi ilivyo, akafunga laptopu, akasema kwa unyonge kwamba tope limeuvuta utepe na hana la kufanya. Aliniomba nimwambie mama aje Jumapili baada ya ibada asikilize.

Mama alikuja na leso yake mpya, kana kwamba anakwenda kumtembelea mtu. Alikaa kwenye dawati la mbele. Mwalimu, aliyekuwa ameichaji laptopu tena, alimtahadharisha kwamba sauti si nzuri sana, kisha akabonyeza. Ile sauti nzito ikajaa darasani, ikiburura, ikiguna. Mama alisikiliza wimbo wa kwanza akiwa ameinamisha kichwa. Wimbo wa pili ulipoanza nikaona machozi yakimdondokea mapajani, na hayakuwa machozi ya furaha.

"Sikumbuki," alisema. "Mwalimu, miezi mitano tu, na mimi nimeshaisahau sauti ya mama yangu. Nilidhani ilikuwa nyembamba. Nilidhani alikuwa akiimba huku anacheka. Kumbe ndivyo alivyokuwa hivi, na mimi mwanawe sikumbuki."

Mwalimu alimshika bega akimwambia kuwa ni utepe tu, lakini mama alitikisa kichwa. Alikuwa ameshajihukumu.

Sikuweza tena. Nilisimama, nikasema yote, betri nne, robo fainali, kitambaa, na "ndiyo, Mwalimu" yangu. Nilisema haraka haraka huku nalia. Nilingoja kofi. Mama hakunipiga. Aliniuliza kama jana kutwa nilimwona mwalimu wangu akihangaika na bado nikanyamaza. Nikaitikia kwa kichwa. Afadhali angenipiga.

"Kimbia," alisema. "Kalete hizo betri."

Nilikimbia hadi nyumbani na kurudi, viatu mkononi. Zilikuwa zimetumika kwa mechi moja tu na bado zilikuwa na nguvu. Mwalimu alizitia redioni, akaurudisha utepe mwanzo polepole, akahakikisha waya uko kwenye tundu la tatu, akaanza kurekodi. Alisimamisha baada ya wimbo mmoja ili mama ausikie.

Nyanya akaimba. Sauti nyembamba, nyepesi, yenye utani, ikimalizia kila ubeti kwa kicheko kifupi. Mama aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Akacheka, akalia, akacheka tena, akasema, "Ndiye. Ndiye huyo." Mwalimu akaendelea kurekodi nyimbo zilizobaki, nasi tukiutazama utepe ukizunguka.

Ulipofika wimbo wa mwisho, redio ikatoa mlio wa kutafuna. Mwalimu aliruka kuizima, lakini alichelewa. Alipofungua mlango wa kaseti, utepe ulitoka umekunjamana, na sehemu moja ulikuwa umekatika kabisa. Wimbo wa mwisho ulibaki kwenye laptopu kwa ile sauti nzito ya Jumamosi peke yake.

Mwalimu Sadia aliuweka ule utepe mezani, akanigeukia. Hakuwa na hasira usoni, na aliongea taratibu ili nisikie kila neno.

"Christabel, mashine hii haijui kweli wala uongo. Inapokea kile inacholetewa na waya. Jana nilitafuta kosa kwenye matundu, nikalitafuta kwenye waya, mpaka nikamsingizia marehemu na utepe wake. Kumbe kosa lilikuwa limekaa karibu yangu, lina mdomo, na limenyamaza. Kubadilisha betri ni kosa, lakini ni kosa la kurekebishwa kwa dakika moja. Ungesema jana asubuhi, utepe huu ungepita mara moja zaidi tu. Ukikosea, sema kosa likiwa bado dogo. Jana lilikuwa limekula betri. Leo limekula wimbo."

Niliomba msamaha, kwake na kwa mama, na nilijua kwamba msamaha hautaunga utepe.

Mama akamwuliza Mwalimu kama ile laptopu inaweza kurekodi mtu aliye hai. Mwalimu alisema inaweza, akachomoa waya wa redio, akachukua maikrofoni ndogo aliyopewa Hola na kuichomeka kwenye tundu lake, lile la pili, akachagua maikrofoni kwenye kidirisha. Mama akasema kwamba wimbo ule wa mwisho anaujua, aliuimba na nyanya shambani akiwa mdogo kuliko mimi. Ila hauimbwi na mtu mmoja. Mmoja huanzisha akiwa upande huu wa shamba, mwingine huitikia kutoka upande ule, na ndege walio katikati huondoka.

Alinifundisha maneno ya kuitikia, tukayarudia mpaka yakakaa. Chaji ilikuwa imebaki kidogo. Mwalimu akainua kidole kutuonyesha tuanze, mama akaanzisha, na nilipofikiwa na zamu yangu sauti ilinikwama kwa aibu, ikatoka kidogo sana. Mama alikatiza wimbo, akamwomba Mwalimu aanze upya, akanivuta karibu na maikrofoni.

"Itikia kwa nguvu, mwanangu," aliniambia. "Kunyamaza ulinyamaza jana."