Pembe ya Munyiva

Mpaka leo sijui nani aliitoa pembe kabatini.

Kabati lilikuwa limefungwa. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na Shaaban, katibu wetu, aliuvaa shingoni kwa uzi. Chama chetu cha historia pale Machakos kilikutana nyuma ya duka lake la vitambaa, na mezani tulianika vigae vya kale tulivyookota Lukenya. Mwaka huo wa 1998 tulikuwa tukirekodi wazee pia.

Pembe ililetwa na Munyiva, mjane kutoka kijiji cha Kola, imeviringishwa kwa ngozi. Ilikuwa kithitu, chombo cha kiapo cha Wakamba. Anayeapa uongo juu yake hupoteza watu wake mmoja mmoja. Yeye mwenyewe hubakizwa mwisho, atazame.

"Wekeni tu," Munyiva alisema. "Iko na kazi."

Baadaye tulimwalika Mzee Muindi, jirani yake, atueleze juu ya tanuri la kale la chuma lililofukuliwa shambani kwake. Tulikuwa na desturi: msimulizi huweka mkono mezani na kusema, kaseti ikizunguka, kwamba maneno yake ni kweli.

Akaweka mkono.

"Shamba hilo ni la baba yangu. Mpaka sijawahi kuusogeza. Hayo ni kweli."

Akatega sikio kidogo... Kisha akarudia bila kuulizwa.

"Hayo ni kweli."

Tukacheka. "Mzee, tumesikia!" Shaaban akamtania. "Ama unatuona viziwi?"

Macho ya mzee yalikuwa na ukungu wa uzee, hakuona alichoshika. Alipoinua mkono, ndipo sisi tulipoona. Kati ya vigae, pale pale kiganja chake kilipokuwa... ngozi ile, pembe ikiwa ndani.

Chumba kikanuka nywele zilizoungua.

Kabla ya mavuno, Mwendwa, kifungua mimba wa Muindi, aliangukia sahani akila. Hakuinuka. Mke wa Mwendwa akamfuata kaburini. Kisha Ndanu, mjukuu wa mzee, akaanza kukataa chakula.

Jua lilikuwa likizama nilipopita dukani kuchukua kaseti tupu. Nilimkuta Nzilani, binti wa Muindi na mama yake Ndanu, amesimama mlangoni.

"Mwalimu, mtoto wangu anakufa. Baba hataki kusema alifanya nini. Nataka kusikia alichowaambia."

Nikatia kaseti ya mzee kwenye redio, nikabonyeza.

"...Hayo ni kweli."

Tok.

Kama kijiti kikigonga pembe. Tok... Halafu sauti ya mwanaume, karibu sana, ikanong'ona kwa Kikamba:

"Rudia."

"Hayo ni kweli," mzee akarudia.

Nzilani alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Huyo ni Aloys," akanong'ona. "Mume wa Munyiva. Alizikwa nikiwa darasa la tatu."

Kesho yake, huko Kola, tulimkuta Munyiva akipepeta mbaazi. Hakusimama.

"Mwaitu, mama yetu, tuhurumie," Nzilani akasema. "Ndanu hajui mpaka ni nini."

"Na wangu hawakujua. Walilala njaa wakiangalia mahindi yenu kwa shamba ya baba yao."

"Kwa hivyo ulituroga?"

"Niwaroge na nini? Baba yako alienda kwa miguu yake, akadanganya kwa mdomo wake." Akapuliza makapi. "Aloys alikuwa anamngoja tu."

Wazee wa ukoo walikutana. Muindi alitakiwa akiri, akakataa katakata. "Nife nikiitwa mwizi?" Ikaamuliwa hivi: shamba lirudi kwa Munyiva, makonge ya mpaka wa uongo yang'olewe na mtu wa damu ya Muindi, Munyiva aichukue pembe yake, na watoto wa nyumba ya Muindi watakaswe. Wakamuuliza Munyiva kama mzee naye atakaswe.

"Hapana," akasema. "Huyo aachwe na kiapo chake."

Hakuna aliyempinga. Nimeshindwa kumhukumu hata sasa.

Nzilani ndiye aliyeyang'oa makonge, peke yake, kwa jembe, mikono ikivuja damu. Ndanu alikuwa ameanza kunywa uji. Muindi aliketi mlangoni, shingo ameinyoosha, akisikiliza.

"Nzilani! Hiyo tok, tok, ni nini?"

Jembe lilikuwa chini. Nzilani alikuwa akijifuta jasho.

 Aliliokota jembe, akaendelea na konge lililofuata.